UZI: Njia za changarawe zisizo na magari – korongo za mito kutoka Nairobi hadi Naivasha

#1 – Tairi Pana (mwanzisha uzi)

Wadau wa baiskeli, hamjambo.

Mwaka juzi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikiwa pembeni kabisa mwa bypass, kioo cha matatu kilinigonga kiwiko. Sikuanguka. Gari halikusimama. Niliteremka, nikaketi kwenye nyasi, na mkono wa kushoto ukawa unatetemeka hata nikashindwa kufungua chupa ya maji. Nilikuwa nimeendesha baiskeli Nairobi miaka kumi na mmoja, na siku hiyo kwa mara ya kwanza nilifikiria kuiuza.

Sikuiuza. Nilikaa na ramani jioni baada ya jioni nikijiuliza swali moja: gari linashindwa kufika wapi? Jibu lilikuwa limechorwa pale pale. Linashindwa mahali mto umekata mwamba. Anayejenga barabara huhofia korongo, kwa kuwa daraja ni ghali na kingo huporomoka, basi lami hulizunguka kwa mbali. Ndani hubaki njia ya ng'ombe, njia ya askari wa wanyamapori, njia ya mabomba. Hizo ndizo njia ninazotaka tuzungumzie hapa, kwa sababu naona vijana wengi wanauza baiskeli zao baada ya kugongwa, na hakuna aliyewahi kuwaonyesha kwamba kuna pa kwenda.

Kwa anayeanza, aanzie Karura. Msitu wenyewe ni kama hekta 1,041, katikati ya jiji, na unapitiwa na mito ya Ruaka, Karura na Gitathuru. Kuna njia za baiskeli zenye alama, kuna maporomoko ya maji, kuna mapango yanayokumbukwa kwa wapiganaji wa Mau Mau. Mabonde yake si marefu lakini yanafundisha: ukishuka kwenda mtoni unajifunza breki, ukipanda upande wa pili unajifunza gia. Hata kama huna baiskeli, kuna za kukodi mle mle. Mimi nina heshima ya pekee kwa msitu ule. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale walipokwenda kupanda mti kupinga ardhi ya msitu kugawanywa. Kila nikipita langoni nawakumbuka.

Hatua ya pili ni ukingo wa Mbagathi, upande wa Rongai na Tuala. Mto huo ndio mpaka wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na umechimba korongo la kina kwenye mawe meusi ya volkano. Kuna daraja la kuning'inia la waendao kwa miguu. Pale teremka, sukuma baiskeli, mpite mmoja mmoja. Udongo wa huko ni ule mweusi unaopasuka kiangazi. Ukiwa mkavu ni mgumu kama saruji, unaruka nao kwa raha. Ikinyesha dakika ishirini tu, unashika tairi, unajaa kwenye uma wa mbele, gurudumu linagoma kabisa na unaishia kuibeba baiskeli begani. Msiende Aprili.

Sasa nifike ninapotaka.

Hell's Gate, Naivasha, kilomita 90 hivi kutoka mjini. Mbuga hii ilianzishwa 1984, ina ukubwa wa kilomita za mraba 68 na kidogo, na ni miongoni mwa mbuga chache sana nchini ambamo unaruhusiwa kuingia kwa miguu au kwa baiskeli ukapita katikati ya wanyama. Wamaasai huliita korongo lake Ol Njorowa. Lilichongwa na maji: zamani Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa na la kina kuliko tunavyoliona leo, likafurika, na maji yakatafuta njia ya kusini, yakapasua miamba hapa. Leo ziwa halina mto unaotoka juu ya ardhi. Maji yake huzama chini kwa chini, na ndiyo sababu bado ni matamu ilhali maziwa jirani ni ya magadi. Lakini mlango wa zamani ungali pale, mkavu, na wewe unaendesha baiskeli ndani ya sakafu ya mto uliohama.

Nifafanue neno "bila magari" ili nisimdanganye mtu. Magari yanaruhusiwa kuingia. Ukienda Jumapili saa nne utakuta mabasi ya wanafunzi na vumbi lisiloisha. Nenda katikati ya wiki, uwe kwenye lango la Elsa saa kumi na mbili asubuhi linapofunguliwa. Mara ya mwisho nilipokwenda, ilikuwa Jumatano, niliendesha zaidi ya saa mbili na nusu nikaona gari moja tu, la askari.

Kutoka langoni njia inashuka taratibu kati ya kuta mbili za mwamba mwekundu. Jua la asubuhi likipiga, ukuta mmoja unawaka rangi ya tofali jipya, ule wa pili bado ni kivuli cha buluu. Unakutana kwanza na mnara wa Fischer, jiwe moja lililosimama peke yake, mita 25 hivi, shina la volkano iliyokufa. Limepewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita hapa 1883. Wenyeji wanasimulia kwamba ni binti wa Kimaasai aliyekuwa akipelekwa kwa mume, akageuka nyuma kutazama nyumbani kwao, akawa jiwe. Chini yake pimbi wanaota jua na hawana haraka na mtu. Mbele zaidi ni pundamilia, kongoni, swala, ngiri, na twiga waliosimama kwenye vichaka vya leleshwa wakikutazama unavyopita. Juu ya genge wanaishi tumbusi. Ukiona mistari myeupe ya kinyesi ukutani, hapo ndipo kwao.

Naomba niwaeleze sauti, maana hilo ndilo lililonirudisha kwenye baiskeli. Barabarani mjini sikio langu lote huwa nyuma. Nasikiliza injini: hii ni bodaboda, hii ni lori, hii inapunguza, hii haipunguzi. Siku ya kwanza kule, baada ya kama kilomita nne, niligundua kwamba mabega yameshuka. Nilikuwa nasikia changarawe ikivunjika chini ya tairi, cheni, pumzi yangu, na pundamilia wakikata majani. Sikio lilikuwa limerudi mbele. Nilisimama nikalia kidogo, sioni aibu kulisema.

Baada ya kama kilomita saba unafika kituo cha askari, na hapo ndipo korongo jembamba linapoanza. Baiskeli haingii humo, unaiacha juu. Kushuka ni kwa miguu, na mwongozaji wa eneo, pale tu askari wanaporuhusu. Kuta zinakusogelea hadi unaweza kuzigusa zote mbili kwa mikono, na mahali pengine maji ya moto yanachuruzika kutoka kwenye mwamba. Joto hilo hilo ndilo linaloendesha mitambo ya Olkaria, ambayo ilianza kuzalisha umeme 1981.

Na sasa jambo zito. Gari likikosekana, msidhani hatari nayo imekosekana. Imebadilika sura. Aprili 2012 maji ya ghafla yaliwakuta vijana wa kanisa ndani ya lile korongo, saba wakafa. Septemba 2019 yalikuja tena, watu saba wengine. Mvua haikuhitaji kunyesha juu ya vichwa vyao. Inanyesha mlimani, mbali, na maji yote yanatafuta ufa ule ule mmoja. Kwenye korongo hutazami wingu lililo juu yako. Unatazama lililo juu ya mto. Kama kuna giza upande wowote wa milima, usishuke, hata kama umelipa, hata kama umetoka Nairobi usiku.

Maswali yaleteni, nitajibu ninayoyajua.

---

#2 – Msichana wa Umoja

Asante sana kaka kwa uzi huu. Nimeusoma mara mbili. Nina maswali ya mtu anayeanza kabisa. Nina baiskeli ya milimani ya kawaida, niliinunua mitumba Gikomba, gia zinafanya kazi. Je, inatosha? Pili, mwanamke akienda peke yake ni salama? Tatu, nitafikaje Naivasha na baiskeli bila gari?

---

#3 – Tairi Pana

Karibu sana dada.

Baiskeli yako inatosha. Kagua breki, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokurudisha nyumbani. Mengine yanastahimilika.

Kusafiri: matatu za Naivasha zinabeba baiskeli juu ya keria, mwelewane bei kabla hujapanda. Toa gurudumu la mbele, ulifunge pembeni ya fremu, na upande wenye cheni uwe juu. Mimi hubeba tyubu kuukuu mbili za kufungia, ni imara kuliko kamba. Ukifika Naivasha panda ya kwenda barabara ya kusini mwa ziwa, Moi South Lake Road, uteremke kwenye njia panda ya lango la Elsa. Hapo hadi langoni ni mwendo mfupi wa kupanda kidogo. Ada ya kuingia ilipe kwenye eCitizen ukiwa bado na mtandao mzuri.

Kuhusu kwenda peke yako, nitakujibu kama ningemjibu dada yangu wa damu. Ndani ya mbuga mchana sijawahi kuona mwanamke akisumbuliwa. Hofu yangu ni nyati. Nyati dume aliyejitenga na kundi, amesimama kando ya leleshwa mita thelathini kutoka barabarani, huyo usimpite. Usipige kengele, usipige kelele. Simama, rudi taratibu, ngoja aondoke au ngoja gari la askari. Mkiwa wawili au watatu mnamwona mapema zaidi. Kwa hiyo mara ya kwanza nenda na wenzako, upate kulijua eneo, halafu utaamua mwenyewe.

Maji: lita tatu. Naivasha iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, upepo unapuliza na hujihisi unavyokauka. Mimi nilipata maumivu ya kichwa ya siku mbili kwa kubeba lita moja na nusu.

---

#4 – Fundi wa Kariobangi

Nimefungua baiskeli nyingi zilizotoka Hell's Gate, ngoja nichangie.

Kule kuna vitu viwili vinavyokula tairi. Cha kwanza ni miiba ya migunga, hiyo kila mtu anaijua. Cha pili watu hawakijui: jiwe jeusi linalong'aa kama chupa iliyovunjika, kioo cha volkano. Wazee wa kale walilitumia kutengeneza visu, na bado linakata. Mwiba hutoboa tundu dogo, unaziba kwa kiraka. Lile jiwe linachana ubavu wa tairi, na kiraka hakisaidii, tyubu inatokeza nje kama ulimi.

Dawa yake: kata kipande cha tairi kuukuu, urefu wa kidole, au kipande cha paketi ngumu ya maziwa. Kiweke ndani ya tairi mahali palipochanika, halafu ndio urudishe tyubu. Jaza upepo nusu tu. Utafika langoni.

Watu wa Nairobi wana kosa moja, wanajaza upepo mwingi mno. Wameusikia kwa wanaoendesha lami. Kwenye changarawe, tairi la upana wa milimita 40 na kwa mtu wa kilo sabini, paundi 30 hadi 35 zinatosha, nyuma ukiongeza kidogo. Barabara ya kule ina mikunjo kama bati, magari ndiyo yameikunja hivyo. Ukiwa na upepo mwingi kila mkunjo unapanda hadi kwenye meno. Ukipunguza, tairi linaumeza. Ukiona mkunjo umezidi, hama, endesha ukingoni kwenye vumbi laini ambalo magari hayakanyagi.

Na vumbi la kule ni majivu ya volkano, ni laini sana. Ukipaka mafuta mengi kwenye cheni unatengeneza simiti ya kusagia. Tone moja kila pingili, subiri, pangusa kwa kitambaa hadi cheni ionekane kama haina mafuta. Hapo iko sawa.

---

#5 – Tairi Pana

Fundi, Mungu akubariki. Hilo la paketi ya maziwa nimelifanya kwa mikono yangu, wala sikujua kwamba kuna wengine wanaolifanya. Nilikuwa chini ya leleshwa kwenye mzunguko wa juu, tairi la nyuma limechanika ubavuni kama sentimita mbili. Jani la leleshwa ukilifikicha linanukia kama kafuri, mikono yangu ilikuwa na harufu hiyo hadi usiku. Nikatoa paketi niliyokunywa asubuhi, nikaikata kwa kisu, nikaikunja mara mbili. Nilipoinua macho twiga wawili walikuwa wamesimama karibu kabisa, wametulia, wanacheua. Nilijaza pampu mara themanini nikizihesabu kwa sauti ili wazoee kuwa nipo. Ile paketi ilinifikisha Naivasha mjini.

---

#6 – Mkenya wa Sevilla

Salamu kutoka Uhispania, nyumbani Dagoretti.

Mlichokizungumza kuhusu gari na korongo huku wamekifanyia kazi kitaifa. Wana kitu wanakiita Vía Verde, yaani njia ya kijani. Wamechukua reli zilizoachwa, wakang'oa vyuma, wakasawazisha changarawe, wakawapa waendesha baiskeli na waendao kwa miguu. Sasa ziko zaidi ya kilomita 3,000 nchi nzima.

Ninayoipenda ni Vía Verde de la Sierra, kutoka Olvera hadi Puerto Serrano, kilomita 36. Reli yake ilichimbwa miaka ya 1920, fedha zikaisha, vita vikaja, na hakuna treni hata moja iliyowahi kupita. Wakaacha mahandaki 30 na madaraja manne marefu juu ya mabonde. Inafuata mito, na kwa kuwa ilipimwa kwa ajili ya treni, hakuna mwinuko mkali popote. Mama yangu wa miaka 64 alikuja kunitembelea akaiendesha yote. Katikati kuna jabali la Zaframagón lenye tumbusi wengi ajabu, mamia, wanazunguka juu yako. Handaki refu linakaribia kilomita moja. Unaingia kwenye joto kali, ghafla baridi, giza, matone ya maji mgongoni, halafu duara la mwanga linakuja taratibu.

Nikiwa humo huwa nafikiria reli yetu ya zamani ya Voi kwenda Taveta, miaka yote haina treni ya abiria. Tuta liko tayari. Mteremko uko tayari. Naumia.

---

#7 – Tairi Pana

Ndugu yangu wa Sevilla, umenigusa. Huo mteremko mdogo wa treni ndio unaomwezesha mtoto, mzee, na mtu aliyetoka kuumwa kupanda baiskeli. Korongo zetu ni za wenye mapaja. Karura tu ndiyo naweza kumpeleka mama.

Nadhani hapa kwetu kazi ya kwanza ni kuzichora njia zilizopo na kuwaonyesha watu, kisha kuzungumza na wenye ardhi. Tuta la reli si shamba lisilo na mwenyewe, na ukingo wa mto kule Kajiado ni malisho ya mtu. Kila nikipita boma nateremka na kusalimu. Sopa! Wanajibu ipa, tunaongea, nauliza njia, naendelea. Sijawahi kukatazwa. Aliyekatazwa nimemjua mmoja, na alipita katikati ya mbuzi kwa kasi akatawanya kundi.

---

#8 – Mzawa wa Naivasha

Nawasalimu nyote. Mimi ni mtu wa hapa, kazi yangu ni kuwaongoza wageni korongoni tangu nikiwa kijana.

Mwanzisha uzi ameandika vizuri, ila kuhusu maji nataka niongeze, maana 2019 kati ya waliokufa alikuwamo mwongozaji. Watu husema maji yalikuja ghafla. Kweli yanakuja ghafla, lakini yanatoa ishara, na mgeni hazijui.

Ishara ya kwanza ni harufu. Kabla maji hayajafika upepo unakuja nayo, harufu ya vumbi lililolowa, na juu yako jua linawaka. Ukiisikia harufu hiyo korongoni, panda. Usikusanye vitu, usipige picha. Ya pili ni maji yale madogo ya sakafuni: yakibadilika rangi kuwa ya chai ya maziwa, panda. Ya tatu ni sauti, lakini ukishaisikia sauti umechelewa, ni kama lori linashuka mteremko bila gia.

Na mjue mahali pa kupandia kabla hamjapahitaji. Mimi kila baada ya kona mbili namwambia mgeni, "ukiniona nakimbia, utapanda hapa." Wengine hucheka. Nawaambia hivyo hivyo.

Pia msidharau vijito vya njiani, vile vya nje ya korongo. Wageni wanaona ni mchanga mkavu, wanakaa humo kula chakula kwa sababu kuna kivuli. Aprili 2024 kule Mai Mahiu maji yalibomoa usiku tuta lililokuwa limeziba njia yake chini ya reli, watu zaidi ya 40 wakafa wakiwa kwao, vitandani. Hawakuwa wametalii popote. Bonde lote hili ni njia ya maji.

---

#9 – Tairi Pana

Mzee wangu, shikamoo. Nimelisoma andiko lako nikasimama katikati. Hilo la harufu sikulijua, na nimeshuka humo mara tano. Pole kwa mwenzako.

Nimeomba msimamizi aliweke andiko lako juu kabisa, chini ya langu.

---

#10 – Mwana Kitengela

Wakuu, mbona hakuna aliyetaja barabara ya Magadi? Kona Baridi kushuka hadi Olorgesailie ni raha tupu.

---

#11 – Tairi Pana

Ni raha, lakini ni lami, na hadi upite Kiserian magari ni mengi. Nimeiacha kwa sababu hiyo. Atakayekwenda asikose kuingia Olorgesailie kuona shoka za mawe ambazo Louis na Mary Leakey walizikuta zimetapakaa miaka ya 1940. Ukienda ujue kurudi ni kupanda kutoka kwenye joto, na wengi huomba lifti ya pikapu wakifika Oltepesi. Hakuna ubaya.

---

#12 – Kijana wa Kikuyu

Mimi nashindana. Nataka kusema tu kwamba njia hizi ndizo zilizotuzaa. Marehemu Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya baiskeli ya Team Amani, aliamini kwamba Mwafrika atapata nafasi yake duniani kwenye changarawe, kwa sababu hapo hatuanzi nyuma. Barabara zetu za nyumbani ndio uwanja wenyewe. Alifariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani. Mbio za baiskeli za Migration zilizoanzishwa Maasai Mara 2021, siku nne za vumbi, zimewapa vijana wengi nafasi ya kuonekana. Nikifanya mazoezi Hell's Gate alfajiri huwa namkumbuka Sule.

Swali langu kwa mwanzisha uzi: kuna siku mnakwenda kama kundi? Ningependa kuwasaidia wanaoanza.

---

#13 – Tairi Pana

Ndugu, hilo ndilo nililokuwa nalingoja. Tunakwenda Jumatano ijayo. Tuko watu saba mpaka sasa: mimi, Msichana wa Umoja na rafiki yake, Fundi, walimu wawili walio likizo, na mjomba wangu. Matatu saa kumi alfajiri, lango saa kumi na mbili. Tutaenda mwendo wa aliye nyuma kabisa. Kijana wa Kikuyu, nakuomba uwe wa mwisho kwenye mstari, ili asibaki mtu akifikiri ameachwa.

Kila mmoja: tyubu mbili, pampu moja kwa kila wawili, maji lita tatu, kofia ngumu kichwani, nguo ya kuzuia upepo. Taa pia, tutakuwa stendi kabla ya mapambazuko.

Mzee wa Naivasha, tunaomba utupokee.

---

#14 – Msichana wa Umoja

Kaka, nimepeleka baiskeli kwa Fundi leo. Ameibadilisha breki za nyuma na amekataa pesa ya kazi, amechukua ya vipuri tu. Nimefanya mazoezi Karura mara tatu wiki hii. Ule mlima wa kutoka mtoni niliusukuma Jumamosi, Jumatatu niliusukuma nusu, jana nimeupanda wote.

---

#15 – Mzawa wa Naivasha (Jumatano, saa tisa na dakika arobaini usiku)

Msitoke. Tangu saa tano kumekuwa na radi upande wa Longonot na sasa hivi mlima hauonekani. Hapa kwangu hakujanyesha tone, lakini mbwa wamelala ndani na upepo umeleta ile harufu niliyowaambia.

---

#16 – Tairi Pana (Jumatano, saa tisa na dakika hamsini usiku)

Nimekupata, mzee. Nimewapigia wote simu. Wawili walikuwa tayari stendi na baiskeli ziko juu ya keria, zinateremshwa sasa.

Tunakutana lango la Karura saa mbili asubuhi. Mwenye chapati azilete.